Mahakama ya Zamani Kijijini Kwenu: Mwongozo Kamili wa Kuichunguza, Kuikarabati na Kuitumia Tena

Siku kamati yetu ilipokutana kwa mara ya kwanza, fundi alikuwa ameshatutangulia. Tulimkuta barazani, mifuko sita ya saruji imeegemezwa ukutani, tindo mkononi, na kipande cha lipu ya zamani chenye ukubwa wa sinia kimeshalala chini. "Nimeanza kidogo ili siku isipotee," alisema. Nyuma ya ile lipu palikuwa na maandishi ya mkaa, safu mbili za tarakimu. Pengine hesabu ya faini, pengine ya watu. Nusu yake ilikuwa imekwisha kuwa vumbi miguuni pake, na hatutajua kamwe ilikuwa hesabu ya nini.

Nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi, huku huku Kilimanjaro, na kazi ile hukufundisha mapema kwamba kielelezo hakiguswi kabla hakijaandikwa. Jengo la mahakama ya zamani nalo ni kielelezo. Mwongozo huu ni wa kamati za kata, sharika na parokia, halmashauri, hata koo zilizojikuta na jengo la baraza kwenye ardhi yao, kuanzia Rombo hadi Meru. Utaona hatua za mwanzo hazina mwiko wala mchanga. Nimefanya hivyo makusudi.

Hatua ya 1: Jua ilikuwa mahakama ya nani

Huku kwetu kila jengo lenye kuta nene huitwa "la Mjerumani". Mara nyingi si lake.

Enzi za Mjerumani mashauri yalikwenda bomani, yaani kwenye ngome ya utawala, kwa afisa wa wilaya ambaye watu walimwita bwana shauri. Huko ndiko zilikotoka zile "hamsa ishirini", viboko ishirini na tano ambavyo wajukuu wa waliochapwa bado wanavitaja. Boma la Arusha lilijengwa kati ya 1899 na 1900, na leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wakati kuta zake zinapanda, tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli (mangi ni chifu wa Kichagga) alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Uchagga, Meru na Arusha. Nalitaja hili mapema kwa sababu kamati nyingi hupenda kuandika bango la "urithi wetu" halafu zinashangaa wazee wakinuna. Kwa baadhi ya familia jengo la hukumu ni mahali pa msiba. Waulizeni kabla ya kuchora bango.

Waingereza waliingia Moshi na Arusha Machi 1916. Kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, kisha ile ya mahakama za wenyeji ya 1929, Mangi na wazee wake wakawa mahakama rasmi, na waliowasimamia walikuwa maafisa wa utawala, yaani Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na wenzake, badala ya Mahakama Kuu. Jengo la baraza lililoko mlimani, mbali na boma, lenye chumba kimoja kikubwa, kijichumba cha karani na baraza pana mbele, lina uwezekano mkubwa wa kuwa la kipindi hiki. Mwaka 1946 Uchagga uligawanywa katika maeneo matatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja na Mangi Mwitori wake, yaani chifu wa eneo zima. Mwaka 1951 ikaja sheria ya mahakama za mitaa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo huo ikaunganisha mfumo mzima. Tangu hapo tunazo Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu kwa watu wote, na mwaka 1979 juu yake ikaongezwa Mahakama ya Rufani.

Kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa na majina matatu katika nyaraka: baraza la Mangi, mahakama ya mtaa, Mahakama ya Mwanzo. Ukitafuta kwa jina moja tu utarudi mikono mitupu. Na hilo neno baraza lenyewe, angalia lilivyobeba mambo mawili, kikao na kibaraza cha nyumba. Nimeona kamati zikijenga ukuta kuziba kibaraza ili kupata "ofisi mbili za ziada". Wamepata ofisi, wamefuta mahakama, maana nje pale ndipo watu walipongoja zamu, wakanong'onezana, na mara nyingi wakapatana kabla hakimu hajaita jina.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi

Anzia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Omba vitabu vya wilaya vya Moshi na Arusha, ambavyo maafisa wa Kiingereza waliandika humo habari za kila utawala wa Mangi, barabara, majengo na mahakama, pamoja na majalada ya ofisi za wilaya na mkoa. Za Mjerumani zipo pia, ila ujipange na mtu anayesoma mwandiko wa kale wa Kijerumani, maana hata Wajerumani wa leo wengi hawawezi kuusoma. Nenda na barua ya utambulisho na kitambulisho, na uandike namba ya jalada kwenye kila unachonakili. Bila namba hiyo, atakayekuja baada yako anaanza upya.

Picha zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni hazina ya picha za makoloni ya Ujerumani. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walipiga picha sana, na nyingi zimewekwa kwenye hazina ya picha za misheni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Tafuta kwa tahajia ya kale: Moschi, Aruscha, Dschagga. Ukipata picha ya jengo lenu au la jirani yake, usiangalie watu walioketi mbele tu. Angalia paa lilikuwa la nyasi au la bati, madirisha mangapi, baraza ilikuwa na nguzo ngapi, na kiwango cha ardhi kilifika wapi ukutani. Hicho cha mwisho kitakusaidia sana kwenye hatua ya maji.

Baada ya hapo fuata ofisi ya ardhi ya halmashauri kwa ramani na hati, na kumbukumbu za kanisa au msikiti ulio jirani. Mafundi wa zamani walikuwa wachache, na fundi aliyejenga kanisa mara nyingi ndiye aliyejenga baraza.

Hatua ya 3: Muulize aliyekuwepo

Usiende na karatasi ya maswali kumi kama mtu wa sensa. Nenda na sukari kilo mbili, umsalimie Bibi au Mzee kwa utaratibu, ueleze umetumwa na nani, na swali la kwanza liwe la mahali, lisiwe la tarehe. "Ukiingia kwa mlango huu, Mangi alikaa upande gani?" Tarehe humchosha mzee na humfanya akisie. Mahali anapakumbuka kwa mguu. Mzee mmoja tuliyemleta na bodaboda alisimama chumbani, akanyoosha fimbo kwenye kona tupu, akasema kizimba kilikuwa pale, na dirisha liliwekwa juu ili mshtakiwa asione nje. Tulipokwangua rangi tukakuta kweli, matundu manne ya skrubu sakafuni, pale pale aliponyoosha.

Uliza pia kesi zilikuwa za nini. Kwa upande wa Uchagga utasikia vihamba (mashamba ya ukoo yenye migomba na nyumba), mipaka, mahari, na zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji. Ndiyo maana nawasihi msisafishe kiwanja kwa panga kabla ya mazungumzo haya. Yale masale, mmea ambao Wachagga huutumia kuweka mipaka na kuombea radhi, mnayoyaona kama kichaka yanaweza kuwa mpaka, au yalipandwa siku ya mapatano fulani. Tulikuwa na kijana mwenye bidii aliyeng'oa safu nzima asubuhi moja, na ilibidi kamati iende kuomba radhi kwa majirani, safari hii ikiwa yenyewe imeshika sale mkononi.

Simulizi mbili zinazopingana ziandike zote. Msilazimishe kauli moja.

Hatua ya 4: Soma umri ukutani

Kuna alama zinazosaidia pale karatasi zinapokosekana. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na kufunguliwa mwanzoni mwa 1912, lakini Arusha haikufikiwa hadi 1929. Kati ya miaka hiyo bati, vioo na vyuma vingi vilivyojenga Arusha vilitoka kituo cha Moshi kwa njia ya barabara. Jengo la zamani la Arusha lenye vyuma vingi vizito kutoka nje, mtu alivigharimia kweli, na huenda kuna jalada linalolalamikia gharama hiyo.

Angalia mihimili ya chuma: mara nyingi ina jina la kiwanda lililochapwa ubavuni, kama la Dorman Long wa Uingereza. Angalia saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, kwa hiyo kabla ya hapo saruji ilikuwa ya kuagizwa na ilitumiwa kwa uchungu. Ukuta wa tofali za saruji uliozunguka jengo la mawe kwa kawaida ni nyongeza ya baadaye, na mara nyingi mshono wake unaonekana. Bati lililo zito mkononi, ambalo ukiligonga halilii kama debe, ni la geji ya zamani. Kumbuka geji huhesabiwa kinyume: ya 24 ni nene kuliko ya 28, na ya 28 ni nene kuliko ya 30 tunayoiona madukani leo.

Hatua ya 5: Majalada kwanza, popo baadaye

Kama kuna kabati lililofungwa au dari yenye makaratasi, simamisha kazi zote. Rejesta za kesi ni kumbukumbu za umma. Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, kuziteketeza bila idhini ni kosa, hata kama panya wameshakula nusu. Toa taarifa kwa mahakama ya wilaya na kwa Nyaraka za Taifa. Wakati mnasubiri, zilazeni bapa kwenye rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu, ndani ya maboksi ya karatasi. Msizifunge kwenye mifuko ya nailoni, zitafanya ukungu. Zilizolowa zitenganishwe na zianikwe kivulini, kamwe si juani.

Na tafadhali, vijana, msipige picha kurasa zenye majina na kuzitupa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kesi ya kihamba ya 1958 bado ni moto mezani kwa watu wengine.

Hatua ya 6: Ruhusa

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Soma tena huo mwaka. Mahakama yenu haimo, hata Boma la Arusha kwa umri wake peke yake halimo. Jengo la karne ya ishirini hupata ulinzi wa sheria hiyo pale tu Waziri anapolitangaza. Maana yake ni kwamba hadi litangazwe, kinachozuia greda ni ninyi na halmashauri yenu. Andikeni barua mapema kwa Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, mkiambatisha picha, ramani na historia mliyokusanya. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo inatambua majengo yenye thamani ya kihistoria, kwa hiyo afisa mipango miji asiachwe nje ya kikao.

Kabla ya hapo lakini, mmiliki ni nani? Mahakama ya Tanzania, halmashauri, Wakala wa Majengo, au ardhi ya ukoo iliyotolewa kwa mdomo miaka ya Mangi? Pateni jibu la maandishi. Nimeona ukarabati mzuri ukiishia kwa jengo kufungwa kufuli na mtu aliyetokea siku ya uzinduzi akiwa na hati.

Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri, na michoro isainiwe na msanifu aliyesajiliwa na bodi yake. Ukuta ukiwa umeinama au paa likiwa limepinda, ongezeni mhandisi.

Hatua ya 7: Pima, chora, kisha subiri

Piga picha kila ukuta ukiwa umesimama uso kwa uso nao, fimbo ya mita moja ikiwa ndani ya picha. Chora mpango wa sakafu kwa futi kamba, pima na mshazari wa kila chumba kutoka kona hadi kona, maana vyumba vya zamani havina pembe mraba. Kila mlango na dirisha upewe namba, na namba hiyo hiyo itumike hadi mwisho wa kazi.

Nyufa zisizibwe. Chora kistari cha penseli mwanzoni na mwishoni mwa kila ufa, uandike tarehe, kisha bandika kipande chembamba cha plasta ya jasi kuupitia katikati. Plasta ikikatika, ufa unatembea. Ikibaki nzima baada ya masika na kiangazi, ufa umelala na unaweza kuwa wa miaka hamsini iliyopita. Ukanda huu wa Bonde la Ufa unatikisika. Mfululizo wa matetemeko ya Julai 2007 karibu na Oldoinyo Lengai ulisikika Arusha na hata Nairobi, na kuna nyufa ambazo wenyeji watakuambia zilianza wiki ile. Ufa unaoshuka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha hadi chini huelekeza kwenye msingi, na kwa nyumba zilizo tambarare kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua, huo ndio wa kuogopa.

Kusubiri kwa mwaka mzima kunawaudhi wafadhili na madiwani. Kama mwaka hauwezekani, angalau msikose masika moja, kuanzia Machi hadi Mei. Kaeni ndani mvua inaponyesha. Fundi anayekagua paa mwezi wa Septemba anabahatisha.

Hatua ya 8: Maji

Karibu kila ugonjwa wa jengo la zamani huanzia hapa, na karibu kila tiba yake ni rahisi kuliko mafundi wanavyotaka iwe.

Fanya hesabu hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa siku, linashusha lita 10,000. Kama gata zimeoza, lita hizo zote zinamwagika kwenye mguu wa ukuta. Ukuta wa mawe na udongo unazivuta, unyevu unapanda hadi usawa wa kiuno, rangi inatoa malengelenge, chumvi nyeupe inatokeza, na miguu ya fremu za milango inaanza kuoza. Kisha mtu anasema jengo limezeeka.

Tulichofanya sisi kabla ya kununua ndoo moja ya rangi kilikuwa hiki. Tulichimba kuzunguka jengo kuondoa udongo uliojikusanya kwa miongo. Picha ya zamani tuliyoipata ilituonyesha ngazi tatu za mawe mbele, na sisi tuliona moja tu, mbili zilikuwa chini ya ardhi. Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20 angalau, na iteremke kwenda mbali na ukuta. Tukachimba mfereji wa kina kifupi, tukajaza kokoto, tukauelekeza mgombani. Halafu gata mpya, pana, na tangi. Hatukumwaga jamvi la zege kuzunguka ukuta ingawa fundi aliliomba mara tatu. Zege hufunika ardhi, unyevu ukakosa pa kutokea, ukapanda ukutani.

Baada ya hapo tuliacha ukuta ukauke. Ukuta wa unene wa sentimita 50 hauhitaji siku mbili. Unahitaji miezi.

Hatua ya 9: Chokaa, na kwa nini saruji ibaki dukani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo majengo mengi yanapouawa na watu wenye nia njema.

Kwanza tambua ukuta umejengwa kwa nini. Chukua kipande cha udongo wa kati ya mawe. Kikilainika kwenye maji na kuwa tope, ni udongo. Kikiwa kigumu kiasi, kinakwaruzika kwa msumari, na kinatoa povu ukikidondoshea siki kali au maji ya ndimu, kina chokaa. Kikikataa msumari kabisa na ni cha kijivu, pengine mtu alishapita hapo na saruji.

Chokaa na udongo ni laini na hupitisha unyevu. Jiwe la volkeno la huku kwetu, jeusi na lenye vitundu, nalo huvuta na kutoa. Ukuta wa namna hiyo hulowa wakati wa masika na kukauka wakati wa jua, miaka nenda miaka rudi, bila madhara. Ukiupaka lipu ya saruji, umeuvalisha koti la mvua kwa nje huku maji yanaingia kwa ndani. Lipu itang'aa mwaka mmoja au miwili. Kisha itaanza kulia tupu ukiigonga, na itakapodondoka itashuka na uso wa ukuta wenyewe. Halafu tunaongeza saruji nyingine.

Namna ya kuandaa chokaa. Kama umepata iliyotoka tanuuni, ambayo bado haijakutana na maji, jihadhari sana: ikikutana nayo huchemka na kurusha. Vaa miwani, glavu na buti, tumia pipa la chuma, na *weka chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa*. Koroga, chuja kwa chujio la waya, kisha iache ikae chini ya maji ikiwa kama siagi kwa miezi mitatu au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonona. Ukishindwa kuipata, chokaa ya mifuko ya dukani inafaa, ila nunua iliyo mpya, uiloweke siku nzima au mbili kabla ya kuitumia, na usikubali mfuko ulioganda pembeni.

Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa mtoni huku huja na udongo mwingi. Weka kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope likitanda juu kwa unene unaoonekana wazi, osha tena. Sehemu zinazopigwa na mvua zinahitaji chokaa inayoshika hata kwenye unyevu, na hapo tuna bahati ya mlima: jivu la volkeno, lile linalochimbwa Holili kwa ajili ya viwanda vya saruji, likisagwa laini na kuongezwa kidogo huipa chokaa nguvu hiyo. Vumbi la matofali ya kuchoma hufanya kazi inayofanana. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ukuta wa nyuma, mita moja kwa moja, na ukingoje wiki nne.

Lowesha ukuta kabla ya kupaka. Paka tabaka nyembamba, milimita kumi hivi, na usipake la pili kabla la kwanza halijashika. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, kwa hiyo jua kali na upepo ndio maadui. Tundika magunia yaliyolowa, yanyunyizie asubuhi na jioni kwa wiki moja au zaidi. Fundi wetu yule yule wa mifuko sita aliona ni mchezo wa watoto. Kazi ilipofika ukuta wa tatu ndiye aliyekuwa akiwafokea vijana waliosahau magunia.

Rangi ya mwisho ni chokaa hiyo hiyo iliyozimuliwa na maji hadi iwe kama maziwa, matabaka manne au matano membamba. Tabaka la kwanza litaonekana kama maji matupu. Usiongeze unene kwa hasira, litaweka weupe likikauka. Rangi za plastiki za kung'aa ziachwe kwa nyumba mpya.

Hatua ya 10: Paa na mbao

Gonga kila mbao kwa mpini wa nyundo, na choma kwa bisibisi pale inapolia bubu. Mchwa hula ndani na kukuachia ganda. Fuata njia zao za udongo hadi zinapotokea ardhini, maana bila kukata njia hiyo dawa ni ya muda.

Mhimili ulioharibika mwishoni tu haubadilishwi wote. Kata sehemu mbovu, unga kipande kipya cha mti wa aina ile ile kwa kiungo kirefu cha mshazari na boliti. Seremala mzuri wa Moshi anaijua kazi hii, anachohitaji ni mtu asiyemharakisha. Mbao ngumu za asili zinunuliwe zikiwa na hati ya kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao ya magendo kwenye jengo la mahakama ni fedheha ya namna yake.

Bati la zamani likiwa na kutu ya juu juu, lisuguliwe na kupakwa rangi. Misumari na kofia ndivyo huchoka kwanza. Mkilazimika kubadili, kaeni na mikunjo ya aina ile ile, msiweke bati la mfano wa vigae kwa sababu linapendeza. Kama paa au dari liliongezwa au kubadilishwa miaka ya 1960 na 1970, kuna hatari ya asbestosi. Shiti za kijivu, ngumu, zinazovunjika kama sahani: msizikate, msizitoboe, msizifagie zikiwa kavu. Wasilianeni na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu namna ya kuziondoa.

Hatua ya 11: Vitu vya ndani

Kizimba, meza ya hakimu, benchi, kitasa, kengele, kibao cha "Kimya". Vyote viorodheshwe, vipigwe picha na vifungiwe kabla mafundi hawajaingia, kwa sababu hutembea. Mlango wa kuchonga wa kabla ya 1940 una ulinzi wake katika Sheria ya Mambo ya Kale, na hauuzwi kwa mtalii kwa sababu kamati imepungukiwa. Madirisha ya mbao yatengenezwe, yasibadilishwe kuwa ya aluminiamu. Sakafu ya saruji nyekundu iliyopasuka isifunikwe tailizi. Isafishwe, izibwe, ipigwe nta.

Pale mnapoongeza kitu kipya, kama njia ya kiti cha magurudumu au choo, kionekane ni kipya.

Hatua ya 12: Pesa na mafundi

Fupi tu. Kadirieni gharama kwa kila namba ya mlango na ukuta mliyoandika kwenye hatua ya 7, kisha ongezeni asilimia 15 hadi 20, kwa kuwa nyuma ya lipu kuna mambo. Kwa fedha za umma, halmashauri itawaelekeza kwenye zabuni au fosi akaunti, yaani kamati kusimamia ujenzi yenyewe na mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi. Fosi akaunti inafaa kazi hii kwa sababu fundi hulipwa kwa hatua na kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi zinaona kila toroli. Msikubali mkataba unaomlipa fundi kwa mita za mraba za lipu, maana atabomoa hata iliyo nzima. Na fundi mwenyewe mchagueni kwa kumpa ule ukuta wa majaribio.

Hatua ya 13: Mpeni jengo kazi

Jengo tupu hurudi kwa popo ndani ya masika mbili. Arusha sasa ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, na mahakama mpya zinapojengwa za zamani hubaki zikitafuta kazi. Boma la Mikindani, la 1895, limekuwa hoteli. Boma la Dar es Salaam, la miaka ya 1860, ni kituo cha urithi wa usanifu. Kwa kijiji, mimi napendelea matumizi yanayofungua mlango kila siku: maktaba ya wanafunzi, ofisi ya msaada wa kisheria, chumba cha usuluhishi cha kata. Mkiweka maonyesho, wekeni na simulizi za waliohukumiwa, sio picha za Mangi na Bwana DC peke yao.

Hatua ya 14: Daftari la matunzo

Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu, la aina ile tuliyotumia masijala. Kila Februari, kabla ya masika, na kila Septemba, kabla ya vuli: gata zizibuliwe, kokoto za mfereji zifukuliwe, bati liangaliwe, njia za mchwa zitafutwe, mistari ya penseli kwenye nyufa isomwe. Kila miaka miwili au mitatu tabaka jipya la chokaa kwa nje. Anayefanya anaandika tarehe, alichokiona, na anasaini.

Ngazi ya kupandia gata ibaki hapo hapo jengoni, na ufunguo wa stoo uwe na watu wawili wanaoishi kwa umbali wa kutembea. Wetu uko kwa mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara. Wa pili uko kwa yule fundi.